Je, Wajua? Riwaya ya Fumbo Iliyowagawa Wasomaji wa Dunia

Je, wajua kwamba mchapishaji wa Marekani aliyenunua haki za riwaya ya Umberto Eco, Il nome della rosa, alitarajia kuuza nakala 3,000 tu? Eco mwenyewe alilisimulia jambo hilo. Mhariri alimwambia ameipenda riwaya, lakini nchini mwake watu hawajaona makanisa makuu ya Zama za Kati wala hawasomi Kilatini, kwa hiyo malipo ya awali yakakadiriwa kwa nakala hizo elfu tatu. Tafsiri ya Kiingereza, kazi ya William Weaver, ilipotoka mwaka 1983, iliuzwa kwa mamilioni Marekani peke yake. Kwa dunia nzima, hesabu inayotajwa mara nyingi ni nakala milioni 50.

Hata hivyo, mhariri huyo alikuwa ameusoma vizuri ugumu wa kitabu. Jina la Waridi, tukiliita kwa Kiswahili chetu, ni hadithi ya mauaji na upelelezi iliyojaa mabishano ya dini, orodha ndefu za vito na wanyama wa ajabu, na sentensi nzima nzima za Kilatini zisizofasiriwa. Tangu itoke Italia mwaka 1980 imewagawa wasomaji makundi mawili yasiyopatana. Wa kwanza wameirudia mara mbili tatu na kila mara wameambulia jipya. Wa pili waliinunua kwa sababu kila mtu aliitaja, wakaanza kwa hamu, wakaiacha njiani, na mpaka leo ipo kabatini. Niseme mapema kwamba niko na kundi la kwanza. Lakini malalamiko ya kundi la pili nayaheshimu, kwa kuwa mengi yana msingi, na mengine mwandishi aliyapanga yeye mwenyewe.

Je, wajua kwamba yote yalianza kwa ombi la hadithi fupi? Mwaka 1978 rafiki mmoja wa Eco aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ndogo ya vitabu alikuwa akiwaomba watu wasio waandishi wa riwaya waandike hadithi fupi za upelelezi. Eco alikuwa profesa wa semiotiki, yaani elimu ya ishara, katika Chuo Kikuu cha Bologna. Alijibu kwamba hawezi, na kwamba hata angeweza, kitabu chake kingekuwa cha kurasa zisizopungua 500 na wahusika wake wangekuwa watawa wa Zama za Kati. Akarudi nyumbani, akapekua madroo yake, akakuta karatasi ya zamani aliyokuwa ameorodhesha majina ya watawa. Miaka miwili baadaye riwaya ilikuwa mikononi mwa wasomaji, naye akiwa na umri wa miaka 48. Alipoulizwa chanzo chake hasa, alisema alikuwa na hamu ya kumlisha mtawa sumu.

Kisa chenyewe ni cha Novemba 1327, katika abasia ya Wabenedikto kwenye milima ya kaskazini mwa Italia. Abasia haitajwi jina. Anawasili mtawa Mfransisko kutoka Uingereza, William wa Baskerville, aliyewahi kuwa mhukumu wa wazushi, akiwa na kijana anayemfuata, Adso wa Melk, ambaye uzeeni ndiye anayetusimulia. Mtawa mmoja amekutwa amekufa chini ya ukuta. Wanakufa wengine. Na kila njia inaelekea kwenye maktaba, ambayo hairuhusiwi kuingiwa na yeyote ila mkutubi na msaidizi wake. Siku ni saba, na kila siku imegawanywa kwa vipindi vya sala vya watawa.

Hapa msomaji aliyewahi kufika Peramiho au Ndanda, kusini mwa Tanzania, ana nafuu kuliko wasomaji wengi wa Ulaya ya leo. Ameiona abasia ya Wabenedikto kwa macho yake, amesikia kengele ikiita watu kwenye masifu, na huenda amesoma vitabu vya Kiswahili vilivyopigwa chapa katika mitambo ya watawa hao. Kwake yeye, watu wanaopanga siku yao kwa sala na kuona fahari kwa vitabu vyao si kitu cha kubuni.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe, maana ugomvi mkubwa ni wa kurasa mia za mwanzo.

Je, wajua kwamba marafiki wa Eco na wahariri wake walimsihi azipunguze kurasa hizo kabla kitabu hakijachapwa? Walimwambia ni ngumu, zinachosha, zitamkimbiza msomaji. Akakataa katakata. Katika maelezo aliyoyachapisha mwaka 1983 kuhusu uandishi wa riwaya hiyo alitoa sababu: anayetaka kuingia abasiani na kuishi humo siku saba lazima akubali mwendo wa abasia. Asiyeuweza mwendo huo hatakimaliza kitabu hata kikipunguzwa. Kwa hiyo kurasa zile ni kitubio, na asiyezipenda abaki chini ya mlima. Eco aliamini kwamba mwandishi hamtafuti msomaji aliyekwisha kuwapo. Anamtengeneza, na kumtengeneza huko huanza ukurasa wa kwanza.

Wasomaji wengi waliisikia kauli hiyo kama majivuno. Mimi naona alikuwa anasema kweli, ila naongeza kwamba wanaolalamika kwamba mwanzoni hakuna linalotokea wanamsahau farasi.

William na Adso wanapanda mlima asubuhi, theluji imetanda, wanakutana na kundi la watawa na watumishi wanaohangaika. Kabla hawajasema lolote kuhusu wanachotafuta, William anawaambia kwamba farasi wanayemtafuta amekata kulia, wala hatafika mbali kwa sababu atasimama penye jaa la samadi. Anawatajia umbo lake na sifa zake. Anawatajia hata jina: Brunello. Watu wanaduwaa, wanakwenda, wanamkuta. Baadaye, wakiwa njiani, anamfafanulia kijana wake. Nyayo kwenye theluji zilionyesha ukubwa wa kwato na mwendo wa mnyama. Singa nyeusi zilikuwa zimenasa kwenye miba ya kichaka, na vijiti vilivyovunjika vilionyesha kimo chake. Na jina? Katika vitabu vya mantiki vya wakati ule, mwalimu akitaka mfano wa farasi alimwita Brunello, kwa hiyo watawa wasomi wenye farasi mzuri wangemwitaje? Upelelezi wote wa kitabu umo katika tukio hilo dogo. Na tukio lenyewe ni salamu kwa Voltaire, aliyemfanya Zadig wake amtambue farasi kwa alama tupu karne mbili na zaidi kabla ya Eco.

Baada ya farasi ndipo unapokuja mlango wa kanisa. Adso anasimama mbele ya sanamu zilizochongwa juu ya mlango huo na kuzieleza moja baada ya nyingine, kurasa kwa kurasa: wazee wa Ufunuo, wanyama wanne, mashetani, wenye dhambi wanaoteswa. Eco alikuwa na mlango halisi akilini, ule wa kanisa la abasia ya Moissac kusini-magharibi mwa Ufaransa. Msomaji anayekata tamaa, mara nyingi hukata tamaa hapa, nami simlaumu. Lakini mlango ule ni sehemu ya ushahidi. Kijana aliyelelewa akitazama picha kama zile atakapoona maiti, ataona kwanza Kitabu cha Ufunuo kabla hajaona muuaji. Na msomaji naye, akiwa ameupita mlango huo polepole, ataona vivyo hivyo.

Kuhusu Kilatini, hapo nasimama na walalamikaji. Je, wajua kwamba mwaka 1987 wasomi watatu wa Marekani walichapisha kitabu kizima cha kuwasaidia wasomaji wa riwaya hii, chenye tafsiri ya maneno yote ya kigeni yaliyomo? Kitabu cha hadithi kinapohitaji kitabu kingine cha kukifungua, msomaji wa kawaida ana haki ya kunung'unika. Eco alikuwa na hoja yake: kwa Mwitalia au Mfaransa, Kilatini ni lugha ya kanisa aliyoisikia hata kama haielewi, na ile hali ya kusikia bila kuelewa ndiyo aliyoitaka. Lakini je, mataifa ambayo Kilatini hakikupita? Katika tafsiri za lugha za Kislavi lilipatikana jibu zuri, nalo ni kutumia Kislavoni cha kale cha kanisa badala ya Kilatini. Msomaji wa huko alipata harufu ileile ya ubani na ukale. Lilikuwa suluhisho la akili kweli, na linathibitisha kwamba lililohitajika ni ile sauti ya ibada kuliko maana ya kila neno.

Wengine walimshutumu kwa jambo tofauti kabisa. Kitabu kilipopata wasomaji wengi hivyo, mhakiki mmoja alidai kwamba Eco alikiandika kwa programu ya kompyuta iliyolishwa kanuni za riwaya inayouza. Eco alikumbusha kwamba miaka ile ya mwisho ya 1970 kompyuta za kuandikia vitabu hazikuwa zimeenea hata kidogo. Na wanahabari walipomuuliza aliandikaje, alikuwa akikata maneno kwa kusema: kutoka kushoto kwenda kulia.

Jinsi alivyoandika hasa ni jambo la kustaajabisha kuliko kompyuta. Kwanza alichora. Alichora ramani ya abasia, mipango ya maktaba na vyumba vyake, na sura za watawa. Je, wajua kwamba mazungumzo ya wahusika wake aliyapima kwa hatua? Watawa wawili wakizungumza huku wakitembea kutoka chumba cha chakula hadi uani, Eco alikuwa na ramani mbele yake, na walipofika walikokuwa wakienda, waliacha kuzungumza. Mwongozaji mmoja wa filamu aliwahi kumwambia kwamba mazungumzo yake yanafaa kwa sinema kwa sababu yana urefu unaostahili.

Halafu kuna habari ya damu ya nguruwe. Mpango wa hadithi ulitaka maiti moja ikutwe ndani ya pipa la damu. Damu nyingi hivyo hupatikana nguruwe wanapochinjwa, na nguruwe huko Ulaya walichinjwa baridi ilipoanza. Lakini mmoja wa watu halisi wa historia wanaoingia katika kisa, Mikaeli wa Cesena, mkuu wa Wafransisko, alikwisha kuwa Avignon kwa Papa mwezi Desemba 1327. Kwa hiyo hadithi ilibidi iishe Novemba, na Novemba bado ni mapema mno kwa machinjo ya nguruwe. Afanye nini? Akaipandisha abasia mlimani, ambako theluji huanguka mapema. Wasomaji wanaosifu mandhari yale ya theluji, ukungu na upweke wanasifu, bila kujua, ratiba ya wachinjaji.

Je, wajua kwamba William wa Baskerville ana ndugu Zanzibar? Jina lake limetoka katika The Hound of the Baskervilles, hadithi ya Sherlock Holmes iliyoanza kutoka jaridani mwaka 1901. Urefu wake, wembamba wake na pua yake kama mdomo wa mwewe vyote ni vya Holmes, na Adso anachukua nafasi ya Watson. Kwa upande wetu, Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi mwaka 1918, alimuumba mpelelezi Bwana Msa mwenye kiko chake, akampa Najum awe mwenzake. Riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la East African Literature Bureau la mwaka 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960, miaka 20 kabla ya Eco.

Ukoo wao hauishii kwenye umbo. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, Bwana Ali anakutwa ameuawa mzimuni, na watu wako tayari kuamini kwamba mzimu una mkono wake katika jambo lile. Bwana Msa hakubali. Anatafuta mtu wa damu na nyama, mwenye sababu ya kuua. Katika Jina la Waridi, watawa wako tayari kuamini kwamba vifo vinafuata tarumbeta za Ufunuo, na William naye anatafuta mtu. Waandishi wawili waliokulia mbali sana walimtuma mpelelezi mahali patakatifu penye hofu, awape watu akili badala ya woga.

Wanapoachana ni mwishoni, na hapa ndipo makundi ya wasomaji yanapogombana kwa sauti kubwa kabisa. Bwana Msa akimaliza kazi yake hukaa na watu, akavuta kiko, akafungua fundo moja baada ya jingine mpaka hakuna lililobaki. Msomaji analala usingizi. William anafika kwa mkosaji, ndiyo, lakini amefika kwa njia ya makosa: mpango aliokuwa akiufuata haukuwapo. Eco aliandika waziwazi kwamba hii ni riwaya ya upelelezi ambamo hugunduliwa machache na mpelelezi anashindwa. Mkosaji simtaji, asiyesoma bado anastahili kumpata mwenyewe. Nasema tu kwamba msomaji aliyelelewa na Bwana Msa, au na Agatha Christie, ana haki ya kujihisi kama aliyealikwa karamuni akanyimwa pilau. Na msomaji mwingine, palepale, anahisi kitabu kimekuwa kikubwa kwa sababu mpelelezi wake ni binadamu anayekosea.

Sisi wenyewe tumeujua ugomvi huu. Wapo wahakiki waliomlaumu Abdulla kwamba riwaya zake hazikuigusa siasa na maisha ya jamii ya wakati wake, huku watu wa kawaida wakiendelea kuazimana vitabu vyake mpaka majalada yanatoka. Euphrase Kezilahabi alipoandika Nagona, iliyotoka mwaka 1990, na Mzingile, iliyofuata mwaka 1991, yalitokea ya upande wa pili: wasomi waliandika makala baada ya makala, na wasomaji wengi walioipenda riwaya yake Rosa Mistika wakasema hizi zimewashinda. Si riwaya za upelelezi, lakini zinamtaka msomaji atafute kama mpelelezi, tena bila ahadi ya kupata.

Je, wajua kwamba Waingereza waliwahi kuwaapisha waandishi wa riwaya za upelelezi watimize ahadi hiyo? Mwaka 1930 ilianzishwa klabu ya waandishi hao mjini London, Detection Club, na rais wake wa kwanza alikuwa G. K. Chesterton. Mwanachama mpya aliapa kwamba mpelelezi wake atatatua fumbo kwa akili yake, bila ufunuo wa Mungu, bila uganga, bila sadfa, na bila kumficha msomaji dokezo muhimu. Mwaka mmoja kabla yake, Ronald Knox alikuwa ameorodhesha amri kumi za riwaya ya upelelezi: chumba cha siri au njia ya siri isizidi moja, sumu isiyojulikana isitumike, na ndugu pacha asitokee ghafla mwishoni. Knox alikuwa padri Mkatoliki, naye ndiye aliyekuja kuitafsiri Biblia nzima kwa Kiingereza.

Amri hizo hazikutoka hewani. Mwaka 1926 Agatha Christie alichapisha The Murder of Roger Ackroyd, na mwisho wake ukawasha moto. Wapo waliosema amewadanganya wasomaji, amevunja mkataba. Dorothy L. Sayers, mwandishi mwenzake, alimtetea: kila dokezo limo, na ni kazi ya msomaji kumshuku kila mtu. Je, wajua kwamba wazo la hila ya mwisho ule Christie alilipata kwa watu wawili wasiohusiana? Mmoja alikuwa shemeji yake, James Watts, aliyelitaja katika mazungumzo. Mwingine alikuwa Lord Louis Mountbatten, yule aliyekuja kuwa mwakilishi wa mwisho wa mfalme nchini India, aliyemwandikia barua mwaka 1924. Mwaka 1998 Mfaransa Pierre Bayard alichapisha kitabu kizima akihoji kwamba Poirot, mpelelezi wa riwaya hiyo, alimtaja mtu asiye muuaji. Na mwaka 2013 chama cha waandishi wa riwaya za uhalifu cha Uingereza kiliipigia kura riwaya hiyohiyo kuwa bora kuliko zote za aina yake. Kitabu kilichoshutumiwa kwa kuvunja kanuni ndicho waandishi wenyewe walichokichagua.

Edmund Wilson, mhakiki mashuhuri wa Marekani, aliuona upande mwingine wa wasomaji. Mwaka 1944 aliandika katika The New Yorker akiuliza watu wanasomea nini riwaya za upelelezi. Barua za hasira zikammiminikia. Wengi walimwambia amechagua vitabu vibaya, wakampa majina ya vizuri. Akavisoma, na Januari 1945 akarudi na makala kali zaidi, ambayo kichwa chake kilihoji nani anajali ni nani aliyemuua Roger Ackroyd. Alikiri kwamba katika riwaya ya Sayers kuhusu wapiga kengele wa kanisa aliruka kurasa. Kwangu mimi hapo ndipo alipojifunga: aliyeruka kengele hawezi kutuambia kengele zilikuwa na kazi gani.

Lakini hakuna hasira ya wasomaji iliyovaa joho la kisheria kama ile ya Edwin Drood. Charles Dickens alifariki tarehe 9 Juni 1870 akiwa ameandika nusu tu ya riwaya yake hiyo ya fumbo, sehemu 6 kati ya 12 alizopanga. Je, wajua kwamba tarehe 7 Januari 1914 wapenzi wa Dickens walifungua kesi mjini London dhidi ya John Jasper, mhusika wa kubuni, kwa shtaka la kumuua Drood? Jaji alikuwa Chesterton. Kiongozi wa baraza la wazee wa mahakama alikuwa George Bernard Shaw. Mashahidi walihojiwa kwa saa nyingi, kisha Shaw akasimama na uamuzi wa kuua bila kukusudia, uamuzi ambao haukumridhisha mtu yeyote. Chesterton akawatia hatiani wote waliohudhuria, isipokuwa yeye mwenyewe, kwa kuidharau mahakama. Watu walikuwa wamebishana kwa miaka 43 juu ya kitabu kisicho na mwisho.

Tukirudi kwa Eco, filamu nayo iliwagawa watu, tena kwa mabara. Jean-Jacques Annaud aliitoa mwaka 1986, Sean Connery akiwa William, na sehemu za ndani zikipigwa katika abasia ya Eberbach, Ujerumani. Ulaya kumbi zilijaa. Marekani, nchi ileile iliyonunua kitabu kwa mamilioni, filamu iliambulia dola milioni 7 hivi. Annaud alibadilisha hatima ya msichana maskini wa kijijini: kitabuni anapelekwa kuchomwa, kwenye filamu anaokoka. Eco hakugombana naye. Filamu yenyewe, katika maandishi yake ya mwanzo, inajitambulisha kuwa ni ngozi ya kitabu hicho iliyofutwa na kuandikwa upya.

Je, wajua kwamba ndani ya abasia ya mwaka 1327 mlikuwa na boga? Boga asili yake ni Amerika, na Columbus hakuvuka bahari mpaka mwaka 1492. Eco alieleza ilivyotokea: katika kitabu cha kale cha mimea alisoma vibaya jina la mboga ya majani, akaligeuza kuwa boga. Pilipili hoho nazo, zao jingine la Amerika, zilikuwa zimepenya jikoni mwa watawa. Mwaka 2012 alitoa toleo lililosahihishwa, akaziondoa mboga hizo, akaondoa pia fidla isiyokuwapo zama zile na mahali ambapo Adso alipima muda kwa sekunde. Akapunguza na Kilatini kidogo. Miaka 32 baada ya toleo la kwanza, walalamikaji walipata angalau sehemu ya walichoomba.

Kufikia wakati huo mwandishi mwenyewe alikuwa amejiunga na upande wa wasioipenda. Mwaka 2011 alisema hadharani kwamba anaichukia Jina la Waridi. Alikuwa ameandika riwaya nyingine ambazo yeye aliziona bora zaidi, lakini kila zilipotoka, watu walikimbilia kununua ile ya kwanza tena. Aliendelea kuishi na jambo hilo hadi alipofariki Milano, tarehe 19 Februari 2016, akiwa na miaka 84.

Msomaji aliyemstaajabisha kuliko wote alikuwa wa riwaya yake ya pili, Il pendolo di Foucault, ya mwaka 1988. Ili aandike sura moja ambamo mhusika wake, Casaubon, anatembea Paris usiku wa manane, Eco aliipita njia ileile kwa miguu usiku mara kadhaa, kinasa sauti mkononi, akitaja kila anachokiona. Baada ya kitabu kutoka akapokea barua. Aliyeiandika alikuwa amekwenda maktaba, akasoma magazeti yote ya tarehe 24 Juni 1984, akagundua kwamba usiku wa matembezi hayo, kwenye kona ya rue Réaumur ambapo Casaubon alipita, palizuka moto mkubwa. Akataka kujua: imekuwaje Casaubon asiuone? Eco alimjibu kwamba bila shaka aliuona, ila kwa sababu fulani ya siri hakuutaja.